Kitongoji kiko km 7 na nusu kutoka shule, na korongo katikati: tunaanzia wapi kupata shule yetu?

Mwanakitongoji

Wakuu salaam, na wakubwa shikamooni.

Kitongoji chetu kiko mkoa wa Singida, kaya 64. Shule ya msingi ya kijiji iko kilomita 7 na nusu, na njiani kuna korongo linalojaa maji tangu Desemba mpaka Aprili. Tumehesabu watoto wa miaka 5 hadi 8, wako 93. Wanaokwenda shule ni wachache, na wengi wao wanaanza wakiwa na miaka 9 au 10, miguu ikishakomaa. Wazazi ni wakulima wa alizeti na mtama, wengine wafugaji. Ada hakuna wa kulipa.

Tulichonacho: kila kaya imekubali kutoa Sh 20,000 baada ya mavuno, yaani 1,280,000 zikipatikana zote. Mzaliwa wa hapa aliyeko Dar ameahidi milioni 3. Mzee mmoja anatoa ekari 4. Mchanga na mawe tunayo, nguvukazi ipo.

Wapo wanaosema tusajili shule yetu wenyewe, ya jamii, tuiendeshe bila kuingiliwa. Wengine wanataka matofali yaanze kufyatuliwa wiki ijayo. Naomba mwongozo: tusajili vipi, tujenge nini kwanza, na mwalimu tunampata wapi?

---

Afisa Elimu Kata (mstaafu)

Marahaba. Msifyatue hata tofali moja kwa sasa. Mnachohitaji wiki ijayo ni daftari.

Andikeni jina la kila mtoto, tarehe ya kuzaliwa (chukueni kwenye kadi ya kliniki, wazazi wengi wanakosea mwaka), jinsia, jina la mzazi, na kama ana ulemavu. Pimeni umbali kwa pikipiki kutoka katikati ya kitongoji mpaka geti la shule, msiandike kwa makadirio. Pigeni picha ya korongo likiwa limejaa. Karatasi hizo tatu ndizo zinazomfanya Afisa Elimu wa wilaya aamke kwenye kiti. Barua inayosema "watoto wetu wanateseka" anazo nyingi mezani.

Kuhusu kusajili shule yenu wenyewe, nashauri kwa nguvu zangu zote msifanye hivyo. Ukishakuwa mmiliki binafsi, hata kama ni kikundi cha wanakijiji, mnaingia kwenye utaratibu wa shule zisizo za serikali: kibali cha kujenga, kisha kuthibitishwa kwa mmiliki na meneja, kisha usajili. Walimu mnaajiri na kulipa wenyewe, vitabu mnanunua wenyewe, ruzuku hampati. Kaya 64 zitabeba mshahara kwa msimu mmoja, na mvua ikikosekana mwaka wa pili mwalimu anafunga mizigo. Na kufundisha tu bila usajili wowote kunagongana na Sheria ya Elimu, Sura 353.

Njia yenu ni shule shikizi. Ni tawi la shule ya msingi iliyopo, ambayo kwenu itaitwa shule mama. Watoto wanaandikishwa shule mama, mwalimu mkuu ni yuleyule, mnachohamisha ni mahali pa kusomea tu. Mara nyingi inaanza na awali na darasa la kwanza, halafu kila mwaka linaongezwa darasa. Ikikomaa kwa majengo na idadi, Halmashauri inaiombea usajili wake kamili na inapata namba yake ya EM, ile ya usajili wa shule ya msingi. Serikali inazitambua: mwaka 2021 fedha za UVIKO-19 zilipojenga madarasa 15,000, 3,000 kati yake yalikuwa ya shule shikizi, kwa Sh milioni 20 kila darasa.

Hatua zenyewe. Serikali ya kitongoji inapeleka hoja halmashauri ya kijiji. Mkutano mkuu wa kijiji unajadili na kupitisha mambo matatu kwa pamoja: kuanzisha shikizi, eneo, na mchango. Muhtasari uandikwe vizuri, na orodha ya mahudhurio yenye sahihi iambatanishwe, kwa sababu muhtasari usio na mahudhurio unarudishwa. Unakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha kwa Mkurugenzi wa Halmashauri kupitia Afisa Elimu Awali na Msingi. Hapo wanakuja watu watatu kuangalia eneo: Mdhibiti Ubora wa Shule, Afisa Afya, na mhandisi wa wilaya. Waiteni kabla ya msingi kuchimbwa. Kuna vijiji vimejenga hadi linta (mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha na milango), ndipo mhandisi akaja kusema jengo liko kwenye mkondo wa maji.

Ekari 4 za mzee: mshukuruni, lakini uwanja wa mpira wa watoto peke yake, mita 90 kwa 60, unakula zaidi ya ekari moja na theluthi. Bado madarasa ya baadaye, vyoo, nyumba za walimu, shamba la shule. Ongeeni na majirani mfikishe ekari 10 hivi sasa, wakati ardhi bado haina bei. Na hati ya kutoa ardhi isainiwe na mzee, mke wake (au wake zake wote), na watoto wake wakubwa, mbele ya mtendaji wa kijiji na mashahidi, mipaka ikitajwa kwa hatua na kwa majina ya majirani, kisha ipandwe miti au minyaa siku hiyohiyo. Mgogoro wa ardhi ya shule hauletwi na mzee aliyetoa. Unaletwa na mtoto wake aliyekuwa mjini, mzee akishafariki.

---

Fundi Linta

Nimshike mkono mzee hapo juu, kisha niongelee jengo.

Pesa yenu ni milioni 4.28 zikipatikana zote. Msianze madarasa mawili. Jengeni darasa moja la mita 9 kwa 7 na chumba cha mita 3 kwa 7 ubavuni: nusu ofisi, nusu stoo ya chakula na vitabu. Miaka miwili ijayo darasa la pili linagota upande wa pili wa ofisi, mnabaki na jengo lililokaa sawa: darasa, ofisi, darasa. Kwa hiyo ule ukuta wa mwisho wa ofisi uacheni na meno ya matofali ya kuunganishia.

Udongo kwanza. Chimbeni shimo la mita moja na nusu katikati ya eneo. Mkikuta udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi mpaka kidole kinaingia, hameni. Unavimba masika na kunywea kiangazi, na kuta zitachanika kona ya kila dirisha hata mkiweka saruji ya namna gani. Tafuteni mwinuko wenye kichanga chekundu au changarawe.

Hesabu ya jengo hilo hadi linta. Urefu wa kuta zote ukijumlisha ni kama mita 46. Zege la chini ya msingi, upana sm 60 na unene sm 15: mifuko 18 ya saruji. Msingi wa mawe: mifuko 15. Matofali ya inchi 6 ni 1,400 pamoja na yatakayovunjika: mifuko 56. Kujengea: 15. Linta inayozunguka jengo zima: 9. Jumla kama mifuko 115. Tukichukulia mfuko ni Sh 17,000, hiyo ni chini kidogo ya milioni 2. Nondo za mm 12 ni 17 (nne nne kuzunguka jengo), na za mm 8 ni 12 kwa ajili ya ringi zinazozifunga hizo nne pamoja, ringi moja kila sm 20. Jamvi la sakafu ni mifuko mingine 37, hilo lisubiri paa.

Mtaona nimeweka matofali 25 kwa mfuko. Fundi atawaambia anatoa 50. Anaweza, na tofali litakaa zuri kwa macho. Mtihani wake ni huu: baada ya siku 14, libebeni mpaka usawa wa kiuno, liachieni lianguke kwenye udongo mgumu. La 25 linabaki zima au linamega kona. La 50 linafumuka kama mkate mkavu. Na nusu ya ubora wa tofali ni maji: limwagiliwe asubuhi na jioni siku 7 bila kukosa, likiwa limefunikwa nyasi. Jua la Singida likilipiga siku ya pili, saruji inakauka kabla haijashika, na hakuna dawa ya kulirudisha. Fyatueni karibu na maji kuliko karibu na jengo, kwani tofali ni rahisi kubebwa na mkokoteni kuliko mapipa ya maji kila siku.

Sasa jambo linaloua nguvu za wananchi nchi hii: boma lililoachwa. Watu wanajenga hadi juu wakitegemea serikali itaezeka. Ni kweli kumekuwa na fedha za kumalizia maboma, Sh milioni 12.5 kwa boma, lakini zamu yenu inaweza kuchukua miaka. Masika mawili bila paa, maji yanaingia kwa juu ya ukuta, yanashuka ndani ya maungio, na zile pembetatu za juu ya kuta za pembeni zinaanguka kwanza. Mhandisi akija anaandika "libomolewe". Kwa hiyo:

- ishieni kwenye linta; zile pembetatu msizijenge mpaka mbao na bati viwe stoo;
- juu ya linta pigeni lipu nzito yenye mteremko, maji yasitulie;
- wakati wa kumwaga linta, pandisheni vipande vya nondo ya mm 8 vyenye urefu wa sm 60 kila mahali kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) itakapokaa. Hapo ndipo kenchi itafungwa. Paa nyingi za shule zinazobebwa na upepo, bati lilikuwa zima na misumari ilikuwepo; kenchi ndiyo ilikuwa imekaa tu juu ya ukuta bila kushikwa na kitu.

Paa la jengo hilo ni kenchi 11 kila mita 1.2, mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, na bati 72 za futi 8, geji 28. Wauzaji watawashawishi geji 30 kwa kuwa ni nafuu. Kataeni. Geji 30 ni nyembamba zaidi; mtu akipanda kuziba tundu, anatoboa mengine mawili.

---

Mwanakitongoji

Mzee na fundi, ahsanteni sana. Hesabu nimeinakili.

Ila watoto wapo sasa. Tukifuata mlolongo wote huu, wa miaka 8 watakuwa na 11. Kuna mzee wa kanisa anasema tuanze hata chini ya mbuyu, kijana wetu aliyemaliza kidato cha nne afundishe. Vibaya?

---

Mwalimu wa KKK

Naomba hili nilijibu mimi.

Kuanza mapema si vibaya, ila jengeni banda badala ya mbuyu. Mbuyu una siafu, una mbuzi, una wapita njia wanaosalimia kila dakika, na mvua ikitishia tu shule inafungwa. Wekeni nguzo 8 za mti mgumu, ukuta wa fito na udongo uishie usawa wa kifua cha mtoto ili hewa na mwanga viingie, na juu bati. Msitumie nyasi. Nunueni bati 24 kati ya zile 72 za fundi; kiasi hicho kinafunika mita 6 kwa 5 kwa raha. Mkija kuezeka darasa mnazing'oa na kuzitumia, ila zipigwe misumari kwenye mgongo wa juu wa bati, matundu yatazibwa kirahisi.

Kijana wa kidato cha nne asiachiwe darasa peke yake. Mwombeni mwalimu mkuu wa shule mama awapangie mwalimu mmoja mwenye cheti, hata akija siku tatu kwa wiki mwanzoni, kijana awe msaidizi wake: kuita majina, kusahihisha, kusimamia michezo, kushika vikundi. Kijana anayefundisha KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) bila kufundishwa namna yake anafundisha vilevile alivyofundishwa: "a, e, i, o, u" kwa kuimba, mwaka mzima. Mtoto anaimba vizuri kabisa, na ukimwonyesha *o* peke yake haijui. Anapaswa kuanza na sauti, kisha herufi, kisha silabi, kisha neno.

Na kuna jambo ambalo wanaojenga shule huwa hawalitaji. Watoto wenu nyumbani wanazungumza Kinyaturu au Kinyiramba, wa wafugaji Kibarbaig au Kisukuma. Kiswahili wanakutana nacho darasani. Wiki 6 hadi 8 za mwanzo za awali ziwe za kusikia na kusema tu: majina ya vitu vilivyo banda hilo, amri fupi (simama, leta, weka juu ya), hadithi, nyimbo. Hapo ndipo kijana wenu ana thamani kubwa kuliko mwalimu wa kutoka mbali, kwa kuwa anajua lugha zote mbili. Mkiruka hatua hii mtoto atajifunza kutamka maandishi asiyoyaelewa, na darasa la nne mtaitwa wazembe.

Ratiba. Kati ya hao 93, msichukue wote siku ya kwanza. Chukueni awali na darasa la kwanza, watafika kama 70 hivi, maana wa miaka 7 na 8 ambao hawajasoma wataingia la kwanza. Uwiano wa awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, darasa la kwanza 1 kwa 45. Kwa hiyo gawanyeni zamu: awali saa 2:00 hadi saa 4:30 asubuhi, vipindi vya dakika 20, la kwanza saa 5:00 hadi saa 8:00, vipindi vya dakika 30. Uji unywewe saa 4:30, zamu zote mbili zikikutana hapo, hakuna anayekosa.

Vifaa vya kuanzia havihitaji pesa: vifuniko vya soda 300, vijiti 1,000 vilivyofungwa kumi kumi, kadi za herufi zilizokatwa kwenye maboksi ya biskuti, mikeka. Ubao ndio mnaoukosea. Kwenye darasa jipya mwambieni fundi ukingo wa chini wa ubao uwe sm 60 kutoka sakafuni. Wanauweka mita moja kama wa sekondari, na mtoto wa miaka 6 anaitwa kuandika mbele anaishia kuandika kwenye fremu.

Uji: gramu 60 za unga kwa mtoto mmoja. Watoto 70 ni kilo 4.2 kwa siku, siku 194 za masomo kwa mwaka ni kilo 815. Kaya 64 zikitoa debe moja moja la mahindi au mtama, mnapata zaidi ya kilo 1,000. Inatosha na kusaga imo. Pokeeni nafaka kavu tu: chukua punje, iume, ikikubali jino irudi juani. Nafaka yenye unyevu inaota sumukuvu, na mwaka 2016 Dodoma na Manyara sumu hiyo iliua watu. Hifadhini kwenye mifuko ya kinga njaa, juu ya chaga, isiguse ukuta.

---

Afisa Elimu Kata (mstaafu)

Mwalimu amesema vizuri. Niongeze mawili ambayo yakisahaulika yanawaumiza watoto baadaye.

La kwanza, PReM, mfumo wa kompyuta wa Baraza la Mitihani wa kuandikisha wanafunzi wa msingi. Kila mtoto wa darasa la kwanza lazima aingizwe kwenye mfumo huo na mwalimu mkuu wa shule mama, apate namba. Mtoto asiye na namba, siku ya upimaji wa darasa la nne hayupo, hata kama amesoma miaka minne chini ya bati zenu. Mwisho wa Machi kila mwaka, mwenyekiti wa kamati aende na daftari lake shule mama, wakae na mwalimu mkuu wasome jina kwa jina. Majina yaandikwe namna moja. "Juma Ramadhani" kwenye daftari na "Juma R. Mohamed" kwenye mfumo ni watoto wawili mbele ya kompyuta.

La pili, ruzuku. Tangu elimu bila ada ianze 2016, ruzuku ya uendeshaji imekuwa ikikokotolewa Sh 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. 6,000 zinakwenda akaunti ya shule, 4,000 zinabaki kwa ajili ya vitabu. Watoto wenu 45 wa la kwanza ni kama Sh 270,000 kwa mwaka, na zinaingia akaunti ya shule mama. Ombeni kwa heshima, kwenye kikao cha kamati ya shule na kwa muhtasari, sehemu ya hizo inunue chaki, madaftari ya mahudhurio na karatasi za kwenu. Kwa hiyo hakikisheni wajumbe wasiopungua wawili wa kamati ya shule mama wanatoka kitongoji chenu. Pasipo hao, si kwa ubaya wa mtu yeyote, shikizi husahaulika.

---

Mtendaji mwenzenu

Naona fedha hazijaguswa na ndizo zitakazowagombanisha.

Mchango ni wa hiari, upitie serikali ya kijiji. Mwalimu asiguse shilingi ya mchango na mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu baba yake hajatoa. Hilo limekatazwa tangu elimu bila ada ianze. Kaya isiyo na pesa itoe nguvukazi, na mkutano ukubaliane mapema thamani yake: kwa mfano siku 5 za kuchimba msingi, au mapipa 20 ya maji ya kumwagilia matofali. Wajane na wazee wasio na nguvu wasamehewe kwa majina, hadharani, isije ikaonekana ni upendeleo.

Milioni 3 za ndugu wa Dar zisitumwe kwenye simu ya mtu. Ziingie akaunti ya kijiji, apewe stakabadhi. Au, na mimi napendelea hii, anunue bati, nondo na saruji alipie dukani moja kwa moja, vije na ankara.

Undeni kamati tatu za watu tofauti: ya ujenzi, ya manunuzi, na ya mapokezi ya vifaa. Anayenunua asipokee. Leja ya stoo iwe na safu tano tu: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, sahihi. Saruji itoke asubuhi kwa hesabu ya kazi ya siku, na mifuko mitupu irudi jioni ihesabiwe. Mahali ambapo mitupu hairudi, mifuko 115 inakuwa 140. Akina mama washike stoo. Nasema hivyo kwa kuwa wao ndio watoto wao wanaopasua nyayo kwenye hiyo kilomita saba na nusu, na ufunguo wao hauazimwi.

Mapato na matumizi yasomwe kwenye mkutano mkuu kila miezi mitatu na yabandikwe ubaoni. Mradi uingizwe kwenye mpango wa kijiji wa mwaka, maana usipoandikwa humo hata Mfuko wa Jimbo au TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) ikija, hamna pa kushikia. Mbunge hajengi kwa maneno ya mdomo, anaomba karatasi.

---

Mwanakitongoji

Nimeelewa vizuri sana. Maswali mawili ya mwisho. Vyoo vingapi kwa kuanzia? Na nyumba ya mwalimu ni lazima sasa, au ikae mwaka wa tatu?

---

Fundi Linta

Vyoo kabla ya mtoto wa kwanza kuingia, kwani Afisa Afya hawezi kusaini bila hivyo. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Kwa watoto 70 chimbeni matundu mawili ya wasichana, mawili ya wavulana na mahali pa kukojolea, moja la walimu, na moja pana lenye mlango wa sm 90 na mteremko badala ya ngazi kwa mtoto mwenye ulemavu. Ya wasichana na ya wavulana yapeane migongo, njia tofauti. Kina mita 3, mita moja ya juu ijengewe kwa matofali au mawe, vinginevyo kichanga kitateleza masika ya kwanza. Mbali na kisima mita 30 au zaidi, na upande ambao upepo hauelekezi darasani. Tundu la awali liwe dogo, upana wa sm 15 hivi. La mtu mzima linawatia hofu watoto, wanaishia kujisaidia nyuma ya jengo.

Maji: paa la jengo hilo ni kama mita za mraba 114. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 600 kwa mwaka, toa moja ya tano ya kupotea, mnapata lita zaidi ya 54,000. Tanki la lita 10,000 likiwa limejaa mwisho wa Aprili, kwa watoto 70 wakinywa lita moja kila mmoja, ni siku 142 za shule. Kunawa tumieni maji mengine. Mvua ya kwanza ya msimu iachwe ipite, inaosha kinyesi cha ndege, halafu ndipo bomba ligeuzwe kwenye tanki.

---

Mwalimu wa KKK

Nyumba ya mwalimu: mwaka wa kwanza. Tena mkiniambia pesa inatosha kimoja tu, banda libaki banda na nyumba ijengwe.

Mwalimu anayelala ng'ambo ya korongo, Februari hafiki. Akifika ni saa 4, viatu mkononi. Vyumba viwili, jiko la nje, choo chake, mlango wenye kitasa, taa ya sola na pa kuchajia simu. Akiwa mwanamke, isiwe peke yake porini. Ijengwe karibu na kaya inayoheshimika, hata kama ni mita 300 kutoka shule. Mpeni shamba la nusu ekari msimu ukianza, na mtu wa kumwonyesha maji yanakotekwa. Na mwezi wa kwanza asiachwe ajipikie kila siku.

---

Mwanakitongoji

Basi mkutano wa kitongoji ni Jumamosi saa 3 asubuhi. Tunaanza na daftari la majina, na Jumatatu naenda kwa mwalimu mkuu wa shule mama nikiwa nalo mkononi. Kufyatua matofali nimewazuia mpaka mhandisi afike. Shimo la kupima udongo vijana wamelichimba leo jioni: sm 40 za juu ni kichanga chekundu, chini yake changarawe.

---

Fundi Linta

Eneo zuri. Lifunikeni hilo shimo kabla ya giza, watoto wasitumbukie.